Nabongo Mumia: alilipwa mkononi, kisha akalipwa kwa ahadi

Sisi watu wa pwani tukisimulia safari za bara, husimulia upande wetu. Tunawataja wazee waliotoka Mombasa, Pangani na Bagamoyo na mizigo ya nguo na ushanga, wakatembea miezi na miezi, wakarudi na pembe. Hatuulizi sana habari za yule aliyekaa mwisho wa njia, aliyeipokea nguo ile na kuitoa pembe ile.

Leo nataka kumweleza mmoja wao, Nabongo Mumia wa Wanga, ambaye mji wake hadi leo unaitwa kwa jina lake: Mumias, katika kaunti ya Kakamega. Nina sababu. Watu wetu wanauza nje. Kuna wa maembe, wa mwani, wa samaki na wa viungo; mali inakwenda Dubai, Oman na Ulaya. Na swali linalowakosesha usingizi ni lile lile lililokuwa mbele ya Mumia maisha yake yote: mali yangu ikishaondoka, malipo yangu yako wapi?

Mtoto wa Shiundu

Mumia alizaliwa Elureko, karibu na mto Nzoia, yapata mwaka 1849. Baba yake alikuwa Nabongo Shiundu. Nabongo ni cheo cha mfalme wa Wanga, na Wanga walikuwa tofauti na jamaa zao wengine wa Kiluhya kwa kuwa na ufalme wenye kiti cha kurithiwa. Lakini kiti chenyewe hakikutulia. Ukoo ulikuwa umegawanyika: Shiundu alitawala Elureko, na ndugu zao wa Wanga Mukulu walikuwa chini ya Sakwa, na baina yao mlikuwa na uhasama. Upande wa kusini Waluo wa Ugenya walikuwa wakiwasukuma, na kaskazini walikuwapo Wabukusu, watu wasiochezewa. Miji ya nchi ile ilizungushiwa kuta za udongo na mahandaki, si kwa pambo, bali kwa sababu usiku haukuaminika.

Katika hali hiyo ndipo wazee wetu walipofika. Misafara ilikuwa imeshajua njia tangu enzi za Shiundu, na ndiyo maana watu wa pwani, na Wazungu waliowafuata nyuma, walipaita mahali pale Kwa Sundu. Njia ilitoka pwani hadi Taveta, ikapita nchi ya Wamasai hadi Naivasha na Baringo, halafu ikashuka magharibi hadi Wanga. Baada ya majuma ya nyika na hofu, msafara uliingia katika nchi ya wakulima, yenye nafaka, kuku na mbuzi, na mfalme wa kuzungumza naye. Wapagazi walikula wakashiba. Pembe zilipatikana kwa wenyeji na kwa wawindaji waliokwenda mpaka pande za Mlima Elgon. Na mbele zaidi ilikuwapo njia ya kwenda Busoga na Buganda.

Shiundu alifariki yapata mwaka 1882, na Mumia akakaa kitini, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba 1883, akampokea Mzungu wa kwanza aliyeandika habari zake, Joseph Thomson. Thomson hakuijua njia ile peke yake. Alisafiri sehemu ya safari yake pamoja na msafara mkubwa wa Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara aliyeijua bara kama anavyoujua ua wa nyumba yake. Ndiyo kusema, alipofika kwa Mumia alikuta mlango ulioshafunguliwa na watu wetu.

Nguo iliyonunuliwa kwa deni

Sasa tuufuate mzigo mmoja wa nguo tuone malipo yalikwendaje.

Merikani, ile nguo nyeupe nzito, ilifumwa Massachusetts, Marekani. Marekani ilikuwa imefunga mkataba wa biashara na Sayyid Said tangu 1833, na wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakileta nguo Unguja na kuondoka na pembe, karafuu na sandarusi. Meli ilipotia nanga, nguo haikuuzwa yote kwa fedha taslimu. Sehemu kubwa ilipokewa kwa deni na matajiri wa Kihindi, watu kama Taria Topan, ambaye baadaye alikuja kusimamia forodha ya Sultani. Wale matajiri nao wakaigawa kwa wenye safari kwa deni refu zaidi, la mwaka au miwili na pengine zaidi. Tippu Tip mwenyewe, kwa ukubwa wake wote, alikuwa na hesabu kwa Taria Topan.

Mwenye safari hakuondoka na reale mfukoni. Alichokuwa nacho ni jina lake, hati aliyotia mkono mbele ya mashahidi, na mara nyingine nyumba au shamba la minazi lililowekwa rehani. Faida ya kungoja haikutajwa kama riba. Ilitiwa ndani ya bei: nguo ya deni iliandikwa ghali kuliko nguo ya taslimu. Mwenye safari akajitwika nguo ya bei ya juu, akalisha wapagazi njia nzima, akatoa hongo hapa na pale, na aliporudi ilimbidi pembe itoshe kulipa yote hayo. Wako waliorudi matajiri. Wako waliofia njiani wakawaachia warithi deni. Kukopa harusi, kulipa matanga. Wazee wetu hawakulisikia kwa wengine, waliliona wenyewe.

Msafara ulipofika Elureko, deni likakoma. Hapo mauzo yalikuwa mkono kwa mkono: pembe huku, nguo huku. Mnyama wa Wanga au Elgon hakuuzwa kwa hati ya kulipwa mwakani, kwa sababu mwenye pembe hakuwa na kadhi wa kumshitakia mtu wa Pangani, wala hakuwa na njia ya kumfuata hadi Unguja. Alidai malipo yake palepale.

Tuseme kweli, kwa mwenye mali hiyo ndiyo namna salama kuliko zote. Hakuna kungoja, hakuna kudanganywa kwa barua. Wala watu wa bara hawakuwa wajinga wa kupokea chochote. Kila nchi ilikuwa na ushanga wake, rangi yake na urefu wake wa uzi, na mtindo ulibadilika. Thomson ilimbidi akae Taveta watu wake wakitunga upya shanga zake, kwa kuwa Wamasai wasingezipokea namna alivyozileta. Mwenye kuja na samesame mahali panapotakwa buluu alirudi na mzigo wake. Nyaya za shaba na chuma, merikani, kaniki, bunduki, baruti: mwenye pembe ndiye aliyechagua alipwe kwa nini.

Lakini yapo ambayo hakuyaona. Pembe ilipofika Unguja ilipimwa kwa frasila, ratili 35 kila frasila, na bei yake ilijulikana kwa reale. Kutoka hapo ilikwenda Bombay kuwa bangili, London kwenye mnada, na Connecticut kuwa vibao vya piano. Kila kituo kilikuwa na bei yake, na kila bei ilipanda juu ya ile iliyotangulia. Mtu wa Elureko aliona nguo na ushanga tu. Anayelipwa mkononi haibiwi kwa muda. Huibiwa kwa bei. Na aliyepata sehemu kubwa katika mlolongo ule hakuwa aliyeua tembo, wala aliyebeba pembe mabegani. Alikuwa yule aliyeweza kungoja miaka miwili bila njaa. Mwenye uwezo wa kungoja ndiye aliyepanga bei.

Mumia aliuza nini

Hapo ndipo naona akili ya Mumia. Hakuwa mwuza pembe tu. Aliuza amani ya mji wake.

Mfanyabiashara mgeni anahitaji mambo matatu: chakula, usalama wa mizigo, na mtu wa kumsimamia wenyeji wakigeuka. Mumia aliyatoa yote. Msafara uliweza kukaa Elureko muda mrefu huku makundi madogo yakitoka kutafuta pembe na kurudi. Katika lugha ya leo, Mumia alikuwa mdhamini: mtu wa katikati anayeaminiwa na pande mbili zisizoaminiana. Kazi hiyo leo inafanywa na benki, na benki haifanyi bure.

Mumia naye hakufanya bure. Alipokea zawadi na nguo, lakini kilichomfaa zaidi ni bunduki na watu wanaojua kuzitumia. Nguo huchakaa na ushanga hupitwa na mtindo. Rafiki mwenye bunduki, katika nchi yenye Sakwa upande mmoja na Ugenya upande mwingine, ni mali isiyoshuka thamani haraka. Wanga waliokuwa wakisukumwa wakaanza wao kusukuma.

Tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika biashara ile wazee wetu hawakununua pembe tu. Walinunua na watu. Misafara mingine iliiba, ikapiga, ikachoma, na Wabukusu waliwahi kulipiza. Sayyid Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, lakini njia za bara hazikutakasika siku ile. Bunduki aliyolipwa Mumia ilikuwa na upande wake wa pili, na waliouona ni majirani zake.

Kitu kingine kilichoingia kwa njia ile hakikuwa na bei: dini. Watu wa pwani walikaa, wakaoa, wakasomesha. Uislamu ukaingia katika jamaa za nyumba ya kifalme, na Mumias ikawa moja ya ngome za zamani za Uislamu magharibi ya Kenya. Ukienda leo utasikia adhana, utakuta na familia zenye damu ya huku na ya kule. Katika hesabu zote za safari, hiyo ndiyo faida ambayo haikuhitaji kupimwa kwa frasila.

Wageni wa namna nyingine

Baada ya Thomson wakaja wengine. Oktoba 1885 alipita Askofu James Hannington akielekea Buganda. Aliacha sehemu kubwa ya msafara wake kwa Mumia, akaendelea na watu wachache, akauawa Busoga tarehe 29 mwezi ule ule. Mumia hakuitwaa mizigo ya mgeni aliyekufa na kuigawa. Watu waliobaki waliweza kurudi pwani kutoa habari. Jina la mji likazidi kuaminika.

Mwaka 1889 akafika Frederick Jackson, mtu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa na makao yake Mombasa na iliyotoa rupia za 1888 zenye jina la Mombasa. Jackson hakuja na hesabu ya pembe tu. Alikuja na mkataba na bendera. Mumia akaahidiwa ulinzi wa Kampuni. Mwanzoni mwa 1890 akapita Mjerumani Carl Peters, akafungua barua za Jackson zilizokuwa zimefika pale Jackson akiwa safarini Elgon, kisha akakimbilia Buganda kuwahi mkataba wake mwenyewe. Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zikamaliza ubishi huko Ulaya, bila ya Mumia wala Sultani wa Unguja kuwa na kauli.

Angalia malipo yalivyobadilika. Wazee wa pwani walimlipa Mumia mkononi. Kampuni ilimlipa kwa ahadi. Yeye alitoa kwanza: mahali pa kujenga, chakula, wapagazi na askari. Wao wangetoa baadaye: ulinzi na heshima. Katika biashara ya leo hiyo inaitwa kuuza kwa akaunti wazi: mzigo unatangulia, pesa inafuata, na kati yao hakuna kitu ila uaminifu wa mnunuzi.

Na mnunuzi alifilisika. Kampuni haikuweza kubeba gharama zake, na mwaka 1895 ikaondoka. Watu wa pwani wanapaswa kuikumbuka hesabu hii. Kampuni ililipwa pauni 250,000 kuondoka, na 200,000 kati ya hizo zilitolewa katika fedha za Sultani wa Unguja, zile alizolipwa na Wajerumani kwa ajili ya Mrima. Yaani Sultani alilipishwa fedha zake ili mpangaji atoke, na nyumba ikachukuliwa na Serikali ya Kiingereza. Wenye hisa walipata kitu. Mumia, mwenye ahadi ya Kampuni mkononi, alihamishwa tu kutoka kwa mdaiwa mmoja hadi mwingine, kama hati inayouzwa sokoni, bila kuulizwa.

Serikali ililipa, kwa namna yake

Nisimwonee mtu. Serikali ilimlipa Mumia. Mwaka 1895 C. W. Hobley akaweka makao yake Mumias, na mwaka ule ule yakapigwa mapigano na Wabukusu, yaliyoishia kwenye ngome ya Chetambe. Watu wa Mumia walikuwa upande wa Serikali. Baadaye ndugu zake na watu wake walipelekwa kusimamia nchi za jirani ambazo Wanga hawakuwahi kuzitawala. Mwaka 1909 akatangazwa Chifu Mkuu. Kwa macho ya Elureko, ahadi ilikuwa imetimizwa kupita kiasi. Kwa macho ya waliotawaliwa, walikuwa wakilipa wao deni ambalo hawakulikopa, na uchungu huo ulidumu miaka mingi.

Ila chini ya heshima hiyo, msingi wa mji ulikuwa ukihamishwa. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, Port Florence, yaani Kisumu. Haikupita Mumias. Msafara uliokuwa ukitembea miezi ukawa safari ya siku chache ndani ya behewa, na mali ya nchi ile, ufuta na nafaka badala ya pembe, ikashuka Kisumu na kupandia gari huko. Wafanyabiashara wa Kihindi, Allidina Visram akiwa mkubwa wao, wakafungua maduka kando ya njia mpya. Hakukuwa tena na haja ya mfalme wa kulinda mizigo, kwa kuwa stesheni ilikuwa na ghala lake na karani wake. Kazi ya mdhamini ikamtoka Mumia pasipo mtu kumwambia.

Kodi ya nyumba nayo ikaja. Mwanzoni watu waliweza kulipa kwa vitu na kwa kazi, kisha ikatakiwa rupia. Hapo nguvu aliyokuwa nayo mwenye pembe, ya kuchagua alipwe kwa nini, ikaisha. Sasa aliyechagua ni Serikali. Mtu aliuza ufuta wake kwa sababu alihitaji ile sarafu moja tu inayokubaliwa ofisini, na anayeuza kwa haraka ya kodi hauzi kwa bei yake. Hata sarafu yenyewe haikukaa: mwaka 1920 rupia ikapisha florini, na muda si muda florini ikapisha shilingi.

Mwaka huo huo wa 1920 makao ya wilaya yakahamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega. Na mwaka 1926 Mumia akastaafishwa, mzee wa miaka zaidi ya sabini. Hakupinduliwa wala hakufungwa. Alifutwa polepole, kama jina linavyofutika kwenye daftari la duka mwenye duka akishapata wateja wengine.

Dhahabu, na sheria iliyogeuzwa

Aliishi kuona jambo moja zaidi. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana Kakamega, na mara wachimbaji wa Kizungu wakamiminika. Mgodi wa Rosterman ukafunguliwa, na dhahabu ikaenda nje.

Wakati huo ilikuwapo sheria ya ardhi ya wenyeji, ya mwaka 1930. Ilisema ardhi ya wenyeji ikichukuliwa kwa kazi ya umma, basi walipwe kwa ardhi nyingine ya kulingana nayo. Kwa maneno mengine, namna ya malipo ilikuwa imeandikwa: shamba kwa shamba. Desemba 1932 sheria ile ikageuzwa haraka, ili iwezekane kulipa kwa fedha badala ya ardhi. Makelele yalipigwa, hata huko Uingereza, lakini mgodi haukungoja.

Naliona hilo kuwa funzo kubwa kuliko yote katika maisha ya mzee huyu. Mkataba unaweza kuwa mzuri, umeandikwa na kupigwa muhuri. Ikiwa anayelipa ndiye pia anayeandika sheria, anaweza kubadilisha namna ya malipo mali yako ikiwa imeshachimbwa.

Nabongo Mumia alifariki tarehe 24 Aprili 1949, umri wake ukikaribia miaka mia. Alizaliwa enzi ambayo pembe ilibadilishwa kwa uzi wa ushanga, akafa enzi ya shilingi, benki na simu. Katikati, jina lake liliandikwa katika kila ramani ya njia ya Uganda.

Tunachokichukua sisi

Mji wake haukuachana na swali hili. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kazi mwaka 1973, na kwa miaka mingi mkulima alipeleka miwa kwanza, akangoja malipo baadaye. Kiwanda kilipoyumba, aliyekuwa akingoja ndiye aliyeumia, na mwaka 2019 mrasimu alipoingia kushika kiwanda kwa ajili ya wadai wakubwa, mwenye miwa alikuwa nyuma ya foleni. Sura ni ile ile: aliyetoa mali kwanza bila dhamana.

Kwa hiyo ndugu yangu unayefunga maboksi ya maembe Malindi au magunia ya mwani Kwale, kabla ya kuuliza bei, uliza hili: ni nani anayengoja, na akingoja ameshika nini?

Namna ni nne. Ya kwanza, mnunuzi alipe kabla mzigo haujaondoka. Hiyo ndiyo ya pembe na nguo. Wewe uko salama, ila ujue atataka bei ya chini kwa kuwa hatari ni yake. Ya pili, benki yake iandike ahadi kwamba italipa pindi hati ya shehena na karatasi nyingine zikifika zikiwa sawa na makubaliano. Hapo mdhamini ameingia katikati, na gharama yake ipo. Lakini soma kila neno, maana benki hulipa karatasi, haionji embe. Kosa dogo la jina au tarehe laweza kukuzuilia pesa. Ya tatu, karatasi zipite benki, na mnunuzi asipewe mpaka alipe. Ni nafuu kwa gharama, ila benki haikuahidi chochote: akikataa mzigo, mzigo wako uko bandari ya watu na kodi ya ghala inahesabiwa. Ya nne ni akaunti wazi: unapeleka, unangoja siku thelathini, sitini au tisini. Hiyo ni ya mtu mliyekula naye chumvi nyingi, au yenye bima nyuma yake. Si ya mteja uliyemjua mwezi uliopita kwa simu.

Wapo watakaosema sisi tuna hawala, na jina la mtu linatosha. Ni kweli, jina ndilo lililobeba nguo kutoka Unguja hadi Elureko. Lakini hata wakati ule jina liliandikwa mbele ya mashahidi na nyumba ikawekwa rehani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la deni la nje liandikwe mambo matatu: sarafu gani, siku gani, na mkigombana mtahukumiwa wapi.

Mumia alikuwa mwerevu, na kwa miaka mingi alifaulu. Alipokuwa na pembe, chakula na amani, na wageni wakimhitaji, alichagua mwenyewe alipwe kwa nini. Siku alipokubali kutoa kwanza na kupokea baadaye, kutoka kwa mtu ambaye hakuwa na mahakama ya kumpeleka, uamuzi ulimtoka mkononi, na haukurudi tena.